Gitaa Jekundu na Mabati ya Nyumba

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mtama usiliwe na fukusi, na kabla ya hapo tulizungumza juu ya kuchuja maji ya mto. Leo nawaomba radhi, kwa maana nimekusudia kuwaandikia juu ya jambo ambalo mke wangu anashikilia kwamba si la ukurasa wa nyumbani hata kidogo. Mimi nasema ni lake. Kitu chochote kilichotolewa fedha katika akiba ya mama, kikalala chumba kimoja na watoto, kikagombea nafasi na gunia la unga, hicho ni kitu cha nyumbani. Kitu chenyewe ni gitaa la umeme.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi nililelewa kambini Kakuma, kaskazini ya Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya kwetu. Mwaka 2003 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Karibu na mtaa wetu palikuwa na kanisa la makuti na udongo, na kanisani hapo alikuwako Mkongomani mmoja, mtu mwembamba, mpole, ambaye kila Jumapili alipiga gitaa jekundu la umeme. Umeme wenyewe ulitoka katika betri ya gari. Kazi yangu mimi, ambayo hakuna aliyenipa bali niliinyakua mwenyewe, ilikuwa kuibeba betri hiyo kichwani siku ya Jumamosi mpaka kwa mtu wa kuchaji, na kuirudisha jioni. Maji ya betri yalitoboa shati langu la shule mabegani, na mama akanichapa. Juma lililofuata niliibeba tena.

Juu ya kichwa cha gitaa lile palikuwa na alama ya duara, ndani yake vitu vitatu kama uma vilivyopishana, na pembeni neno Yamaha. Nilidhani ni uma wa kulia chakula. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa muziki alitoa mkobani uma wa chuma, akaugonga kwenye meza, ukalia sauti moja nyembamba iliyonyooka. Akatuambia kwamba ule ni uma wa kupimia sauti, unaotetema mara 440 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikichora kwa mkaa ujana wangu wote. Maana nilikuwa nimejitengenezea gitaa langu kwa debe la mafuta ya kula ya msaada, ubao wa sanduku, na nyuzi za breki ya baiskeli zilizofumuliwa. Na juu ya kichwa chake nilichora duara na uma tatu.

Mkongomani yule aliniruhusu kulishika gitaa lake mara moja tu. Aliketi kando yangu, akaniwekea vidole, akaniambia nipitishe kidole gumba. Nilipiga labda kwa dakika tatu. Mwaka uliofuata jina lake lilitokea ubaoni miongoni mwa waliopata nchi ya kwenda, akaondoka na gitaa lake, wala sikupata habari zake tena.

Msomaji asije akafikiri kwamba gitaa la debe ni fedheha. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 na ambaye bendi yake ya OK Jazz, iliyoanza 1956, ilichezwa katika kila mji kuanzia Kinshasa mpaka mwambao wa Bahari ya Hindi, alianza utotoni kwa gitaa la mkebe alilojitengenezea. Hata hapa Juba gitaa la umeme si mgeni wa juzi. Wazee watakumbuka bendi za Rejaf Jazz na Skylark, zilizowachezesha watu wa mji huu zamani kwa mapigo yaliyotoka Kongo, Uganda na Kenya. Huko Khartoum alikuwako Sharhabil Ahmed, ambaye alilitia gitaa la umeme katika nyimbo za kule, na mkewe Zakia Abu al-Gasim ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Sudan kulifanya gitaa kuwa kazi yake. Jambo hilo la mwisho nimelisoma kwa sauti nyumbani mara mbili, bila faida.

Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa sana kambini na katika nyumba za askari, nitaje pia desturi ya jirani zetu wa Tanzania. Kule, kwa miaka mingi, bendi kubwa hazikuwa mali ya mwanamuziki, bali mali ya taasisi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz. Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Jeshi la wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz. Jeshi la kujenga taifa lilikuwa na Kimulimuli. Hata magereza walikuwa na bendi yao. Mpiga gitaa aliajiriwa na kulipwa mshahara kama mwajiriwa mwingine, na chombo kilikuwa cha mwajiri wake. Ubaya wake ni kwamba mtu akiacha kazi huondoka mikono mitupu. Uzuri wake ni kwamba mtu maskini asiyeweza kununua gitaa maisha yake yote aliweza kulipiga kila juma.

Mimi sikuwa na mwajiri wa namna hiyo. Ilinibidi ninunue.

Nilirudi Juba mwaka 2011, mwaka wa uhuru wetu, nikiwa na cheti cha ualimu na begi moja. Nikaanza kuweka akiba kidogo kidogo ndani ya kopo la maziwa. Mapigano yalipozuka mjini Desemba 2013, kopo lilikuwa karibu kujaa. Lilinunua nafasi tano katika lori lililokwenda Nimule: yangu, ya mke wangu, ya mtoto wetu wa kwanza, ya mama, na ya mtoto wa jirani ambaye wazazi wake hawakuonekana mpaka siku ya tatu. Nikaanza upya. Julai 2016 kopo la pili nalo likaenda njia ile ile ya kusini. Siwaelezi haya kwa kulalamika. Hapana nyumba inayosoma gazeti hili ambayo haina kopo lake. Nataka tu ieleweke kwamba baada ya kopo la pili sikuweka la tatu. Nilijiambia kwamba mtu mzima mwenye watoto wanne hahitaji gitaa.

Aliyelifufua jambo hili ni mke wangu, ingawa sasa analikana. Yeye na wanawake wenzake tisa wana mchezo wa kuchangiana fedha kila mwezi, ule ambao hapa kwetu huitwa sanduku, na Januari mwaka huu zamu yake iliwadia. Nyumba yetu ya Gudele ilihitaji mabati. Yaliyokuwapo yalikuwa yameliwa na kutu hata usiku wa mbalamwezi mtu angeweza kuhesabu nyota akiwa kitandani. Fundi alisema yanatakiwa mabati kumi na mawili. Tuliketi chini ya rakuba tukapiga hesabu, na mwisho wa hesabu zilibaki fedha za haja. Mke wangu alizitazama, akaniambia, "Baba watoto, bado unachora zile uma pembezoni mwa madaftari ya kazini. Nimeziona. Nunua hilo gitaa lako, tupumzike."

Lakini nikafanya kosa, na ni lazima nilikiri hapa. Ndugu yangu aliyeko Kampala alikuwa ameliona gitaa katika duka la vyombo vilivyokwisha kutumika: jekundu, Yamaha, aina ya Pacifica, dada yake lile la Kakuma kabisa. Bei ilizidi fedha zilizobaki. Sikumwambia mke wangu. Nilinunua mabati tisa badala ya kumi na mawili, nikamwambia fundi kwamba upande wa jikoni utangoja. Ilikuwa mwanzo wa Februari, jua kali, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Nani hufikiri mvua mwezi wa Februari?

Gitaa lilifika kwa basi la Kampala, limezungushiwa blanketi na kamba ya katani, baada ya safari ya usiku na mchana na foleni ndefu ya mpakani. Watoto walisimama mlangoni. Nikalifungua, nikaliweka pajani, nikapiga.

Lilitoa mlio wa nyuki ndani ya debe. Uzi wa chini ulinguruma, uzi wa tatu ulikufa palepale nilipoushika, na sauti hazikupatana hata mbili. Nikalichomeka kwenye redio-kaseti yetu yenye tundu la maikrofoni; halikutoa kitu chochote ila kukwaruza. Mtoto wetu wa pili aliuliza kama limeumia njiani. Mke wangu hakusema neno. Aliingia jikoni, na mimi nikajua kwamba akiwa kule anatazama juu.

Kwa siku nne gitaa lilikaa chini ya kitanda. Nilikwisha kuandika barua ya kuwarudishia wale wa Kampala, ingawa nilijua vema kwamba mwenye duka akishalipwa huwa hakumbuki sura ya mtu. Siku ya tano jirani yetu alikuja kuazima koleo. Huyu ni sajini wa jeshi, mtu wa makamo, wa bendi ya tarumbeta. Mmekwisha kumwona katika gwaride bila kumjua. Mkono wake wa kushoto ulipata risasi zamani, na vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Hajanieleza ilikuwa wapi, nami sijamwuliza. Aliiona ncha ya kichwa cha gitaa ikichungulia chini ya kitanda, akasimama.

"Mwalimu, hilo ni lako?"

"Ni langu, afande, lakini ni bovu."

Alilivuta, akaliinua, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja na kulitazama shingo yake kutoka kichwani mpaka kiwiliwili, kama mtu anayelenga bunduki. Akasema, "Si bovu. Lina kiu."

Sasa, wasomaji, hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana niliyoyajifunza katika jioni tatu zilizofuata yanaweza kumwokoa mtu mwingine asitupe fedha zake.

Shingo ya gitaa ni ubao, na ubao haufi kabisa; hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kampala ni mji wa mvua na kijani. Juba katika Februari ni tanuri. Gitaa lililozoea hewa ile likiletwa hapa hukauka, na shingo hupinda kidogo kuelekea nyuma. Nyuzi zikashuka mno juu ya vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, ambavyo wanamuziki huviita freti, zikawa zinavigusa na kunguruma. Ndani ya shingo hupita ufito wa chuma, na kazi yake ni kuvutana na nyuzi. Mnapaswa kufahamu kwamba nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zikikazwa ipasavyo, huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 47. Huo ni kama mfuko wa saruji unaoning'inia hapo mchana na usiku. Ufito huvuta upande mwingine. Shingo iliyonyooka vizuri ni matokeo ya mapatano baina ya hao wawili, na hali ya hewa ikibadilika mapatano huvunjika.

Sajini alinionyesha namna ya kupima bila chombo chochote. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi huo sasa ni rula iliyonyooka. Tazama katikati, penye freti ya saba au ya nane. Panapaswa kuwa na mwanya mdogo sana, kama unene wa kadi ya mwaliko wa arusi. La kwetu halikuwa na mwanya wowote. Uzi ulikuwa umelala juu ya chuma. Akachukua ufunguo mdogo wa pembe sita, akautia katika tundu lililo kichwani, akaulegeza ufito kwa robo ya mzunguko, kinyume cha saa. Robo tu. Nilitaka aendelee, akanikatalia. Alisema ubao hupewa usiku mzima wa kufikiri, na mtu anayezungusha kwa hasira ataukata ufito, na shingo yenye ufito uliokatika ni kuni. Asubuhi mwanya ulikuwapo.

Jioni ya pili tulibadilisha nyuzi. Zile za zamani zilikuwa na kutu, na mbili kati yake hazikuwa za unene uliotakiwa. Muuzaji alichomeka alichokuwa nacho. Zibadilishwe mmoja mmoja, shingo isije ikapoteza mvuto wote kwa ghafula. Kisha ikaja kazi ya kupatanisha sauti katika urefu wote wa uzi, nayo ndiyo iliyonifurahisha mimi kama mwalimu wa hesabu. Katika gitaa hili, kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja la nyuzi ni milimita 648. Freti ya kumi na mbili hukaa nusu kamili ya njia, milimita 324, na uzi uliokatwa nusu hulia sauti ile ile, ila juu zaidi kwa daraja nane. Uguse uzi hapo kwa wepesi bila kuubana, utasikia sauti kama ya kengele. Kisha ubane hasa na upige tena. Sauti hizo mbili lazima ziwe moja. Ikiwa ile ya kubana iko juu, uzi ni mfupi. Chukua bisibisi ya nyota, uisogeze kiti chake cha darajani kirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa iko chini, kisogeze mbele. Nyuzi sita, kila mmoja na kiti chake. Tulimaliza saa nne za usiku kwa taa ya sola, na masikio yangu yalikuwa yakilia kengele mpaka alfajiri.

Ukimya ulikuwa jambo dogo kuliko yote. Chini ya nyuzi kuna vipokea sauti, ambavyo wapigaji huviita pikapu, bila uhusiano wowote na gari la kubebea mahindi. Kila kimoja ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku, huzalisha umeme kidogo mno ndani ya waya ule, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye spika. Kwa hiyo gitaa la namna hii halinywi umeme wa ukutani hata chembe. Lenyewe ndilo linaloutengeneza. Tulipolifungua tukakuta kiungo kimoja cha waya kwenye tundu la kuchomekea kimeachia. Sajini alikipasha kwa chuma cha kulehemia alichoazima kwa fundi wa simu, tone moja la risasi, basi. Kukwaruza kulitokana na vumbi katika vifundo vya sauti, tukavizungusha huku na huku mara nyingi mpaka vikatakata.

Nawasihi jambo moja wale wenye amplifaya za kuchomeka ukutani, hasa wanaotumia jenereta. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Kama amplifaya haina waya wa ardhi, na huku umeshika nyuzi ukaweka mdomo kwenye maikrofoni, mwili wako unaweza kuwa ndio njia ya umeme. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani huko Swansea, Wales, Mei 1972, kwa maikrofoni iliyokosa waya wa ardhi. Nyumba nyingi za kwetu hazina waya huo kabisa; mafundi huukata pini ya tatu ya plagi ili iingie katika soketi yenye matundu mawili. Msiwaruhusu. Redio yangu hutumia betri kavu sita, sauti yake ni ya kikohozi, na watoto hulala salama.

Jioni ya tatu lilikuwa tayari. Nilipiga zile dakika tatu za Kakuma, vidole vikiwa bado vinakumbuka vilipowekwa, na mke wangu akatoka jikoni akasimama. Sina haja ya kueleza zaidi. Halafu nikamkabidhi sajini, kama ilivyo heshima.

Alikataa. Alisema yeye alipiga ridhimu ujana wake, kabla ya jeshi, na kwamba mkono wenye vidole viwili na gumba si mkono wa gitaa. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema basi limekwisha kuondoka. Akaomba maji ya kunawa, akaenda kwake.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa mabati. Mtu huyu alilitengeneza gitaa kwa jioni tatu, akiupima kila uzi kwa sikio, na hakuupigia hata wimbo mmoja. Nikakumbuka niliyopata kuyasoma. Django Reinhardt, Mromani aliyepiga gitaa Ufaransa, aliungua mwaka 1928 nyumba yake ya magurudumu iliposhika moto, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vikakakamaa. Akajifunza upya, nyimbo zilizompatia sifa dunia nzima alizipiga solo kwa vidole viwili. Na Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikatwa ncha za vidole na mashine ya kiwandani akiwa na miaka kumi na saba, mwaka 1965. Akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki ya chupa ya sabuni, akaweka nyuzi nyembamba, baadaye akazishusha sauti zilegee ili zisimwumize. Bendi yake ilikuwa Black Sabbath. Nyimbo zake mimi sizipendi, ni kelele za mawe, lakini mtu mwenyewe namheshimu.

Asubuhi nilimpelekea sajini habari hizi. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Zile nyuzi nyembamba ni za namba ngapi?"

Tulizipata Konyokonyo, kwa kijana anayeuza vifaa vya makanisa. Namba tisa badala ya namba kumi. Tukazikaza nusu sauti chini ya kawaida, na hapo mvuto wa shingo ulishuka kutoka zile kilo 47 mpaka karibu 34. Mtaalamu msomaji amekwisha kutambua kilichofuata: mvuto ukipungua, ufito hushinda, shingo ikarudi nyuma tena, na kazi yote ya mwanyo, springi za daraja na kengele za freti ya kumi na mbili ikaanza upya. Ilituchukua jioni mbili nyingine. Safari hii mimi ndiye niliyeshika ufunguo, yeye akanihesabia robo.

Hakuweza siku ya kwanza, wala ya pili. Aliziacha nyuzi mbili nene, akawa anabana tatu nyembamba tu kwa vidole viwili, na gumba lake kubwa likipanda juu ya shingo kushika uzi wa chini pale ulipohitajika. Wanamuziki wa chuoni wangesema gumba halipiti hapo. Lilipita. Siku kama ya kumi nilirudi kazini nikamkuta chini ya rakuba yetu na watoto wangu wanne na wake watano, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda mbio katika ule mzunguko wa ridhimu ambao mtu hawezi kuusikia akaendelea kukaa. Hakuniona. Nilisimama nyuma ya mti wa mwarobaini mpaka alipomaliza.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzo wa Aprili, usiku. Upande wa jikoni ukavuja kama kichungio. Nikakiri kila kitu nikiwa nimeshika beseni, mabati tisa badala ya kumi na mawili, na mke wangu akaniambia kwamba alijua tangu siku ile ile, kwa kuwa yeye anajua kuhesabu mpaka kumi na mbili. Alisema pia maneno mengine ambayo mhariri hatayachapa. Mabati matatu yaliyopungua tuliyanunua Juni, kwa fedha nilizopata kwa kufundisha Kiswahili jioni, na mpaka siku hiyo gitaa lilihamia kwa sajini, ambaye paa lake ni zima.

Sasa limerudi ukutani kwetu, juu ya gunia la unga. Sajini huja siku za Jumamosi. Unyevu wa mvua umeivuta shingo mbele, nami nimekwisha kukaza ufito robo moja kwa mkono wangu mwenyewe. Nyuzi bado ni namba tisa, na bado ziko nusu sauti chini. Kinanda cha kanisani hakipatani nazo, na kiongozi wa kwaya amelalamika mara mbili. Sijazirudisha.